Mlango wa Idalya

Jeremi, 9 Januari 1997

Mjomba wangu Nevilon,

Heshima nyumbani kwako, Mjomba! Natumaini barua hii itakukuta mzima wa kuitika.

Sisi wazima. Mama anakusalimu, goti lake limepona, na ulimi wake haujawahi kuugua. Supu ya boga ya Mwaka Mpya tulikutengea bakuli kama kawaida, na kama kawaida hukushuka kutoka mlimani, akaimaliza Mama. Breva, dereva wa lori, atakuletea kifurushi: viatu, tumbaku kidogo (Mama asijue), na bawaba mbili pamoja na kitasa. Mjomba, nyumba ya mtu wa miaka sabini na moja haifungwi kwa gunia. Mwite fundi akuwekee mlango.

Sasa neno lenyewe, na tafadhali usicheke. Unajua kazi yangu hapa hospitali ni kuzalisha. Desemba waliletwa wanawake wawili kutoka huko kwetu, wamebebwa mabegani saa sita nzima. Wa kwanza nilimpokelea mtoto wake. Wa pili alifika, lakini hakukuwa tena na mtoto hai wa kupokea.

Tangu hapo nimeota ndoto moja mara tatu. Naona nyumba ndogo ya mawe, mlango umefungwa. Ndani mtoto analia, na huku nje hakuna mtu anayeogopa. Nauliza, "Bwana, hapa ni wapi?" Naambiwa, "Pale wabebaji wanapopumzika." Mjomba, ni Repozwa. Ni kile kiwanja chako cha nusu ya njia, chenye mshelisheli na chemchemi, ambapo kila anayebeba mgonjwa hutua na kubadilisha bega.

Naomba utupe kiwanja hicho tujenge nyumba ya kuzalia. Mkunga wetu Venita yuko tayari kuja hapa kufundishwa. Daktari mkuu ameahidi vitanda viwili na vifaa vyote, mradi nyumba iwe imesimama kabla ya Novemba. Isiposimama, vitakwenda tarafa nyingine.

Nangoja jibu lako.

Mpwa wako,
Filomiz


Mòn Kalbas, Jumamosi 1 Februari 1997

Taadhima, Filomiz, taadhima! Nimeitika hata kabla sijachana bahasha.

Mimi mzima, isipokuwa meno, ambayo sasa yamebaki matatu na hayasemezani. Kahawa imezaa. Mbuzi wa kijivu kazaa mapacha. Jogoo wangu, Jaji, kapoteza jicho moja kwenye mapambano ya Jumapili, ila yule aliyempofua tulimla jioni ile ile na ndizi, kwa hiyo haki imetendeka. Viatu vimenitosha, nilivivaa kanisani, padri akakatisha mahubiri ili avitazame vizuri. Tumbaku haikufika. Breva anaapa kwa kaburi la bibi yake kwamba hakuiona, na wakati anaapa moshi ulikuwa unamtoka puani.

Kitasa nimekitia kwenye kizimba cha Jaji. Bawaba nimezitundika kwenye msumari, zinapendeza. Ama kuhusu mlango, mwanangu, nyumba iliyofungwa humwambia mwizi kwamba ndani kuna kitu. Gunia langu ni mkweli: humu mna mzee na sufuria.

Ndoto yako nimeisoma mara mbili. Sikucheka, nilikohoa kwa raha. Hebu nambie, siku hizo tatu ulilala umekula nini? Maana mimi nikila tomtom ya shelisheli la kupondwa na bamia baada ya jua kuzama, namwona Mungu na jamaa zake wote. Halafu mambo ya huyo Mungu wako yananishangaza. Mimi ananijua tangu nilipokuwa naiba mishumaa ya madhabahuni. Naishi karibu na hicho anachokitaka. Naye anapita juu ya paa langu, anateremka mpaka Jeremi, kwenda kumwamsha msichana aliyechoka na kazi! Ni kama mtu anayetaka chumvi, akamwacha jirani, akavuka mto kwenda kuomba kwa wageni.

Breva ananiambia kuna kijana wa miwani anayekubebea mkoba ukitoka kazini. Ni nani? Ana ukoo? Jembe anajua kulishika, au miwani ndiyo jembe lake? Jibu hilo kwanza, mengine yatafuata.

Naenda kuezeka banda la mbuzi. Mwambie mama yako kwamba bakuli langu la supu nalidai.

Mjomba wako,
Nevilon


Jeremi, 23 Machi 1997

Mjomba,

Heshima. Pole kwa jicho la Jaji. Hongera kwa mapacha.

Umeniandikia kurasa mbili, umenipa habari za meno, mbuzi, jogoo na moshi wa Breva, na kiwanja hukukitaja hata kwa herufi. Nimengoja wiki saba nikidhani labda kuna karatasi ilianguka njiani.

Shemasi Dorismon wa kanisa letu amesikia ndoto yangu akalia machozi. Ametoa shamba lake la juu ya korongo. Si Repozwa, lakini ni ardhi, na Novemba haingojei mtu. Nimeita msaragambo wa ujenzi Jumamosi ya tarehe 12 Aprili. Tutaanza saa moja asubuhi. Karibu, kama banda la mbuzi limekwisha.

Filomiz

Yule wa miwani si wa kuandikwa kwenye barua.


Mòn Kalbas, Jumapili 20 Aprili 1997

Mpwa wangu mpenzi,

Taadhima, na pole. Uliondoka siku ile bila kuniaga, nikajua moyo umejaa. Huku wote wazima. Mvua imeanza. Venita mkunga anakusalimu. Anasema glavu ulizompa amempelekea fundi cherehani azipunguze vidole.

Sasa nakuandikia yale ambayo hukuyasikia, maana wewe ulikuwa jikoni, na mimi nilikuwa barazani kwa jirani yangu Choizil ng'ambo ya korongo, na kiko changu, naona kila kitu kama malaika, tena malaika asiyesaidia.

Walikuja watu arobaini. Arobaini, Filomiz! Kwa wimbo wa nani? Kwa jina lako tu. Niliwahesabu mara mbili nikaona fahari. Halafu saa moja na nusu, kabla jembe halijagusa udongo, ukapakua chungu.

Mwanangu! Nani alikufundisha hivyo? Ile shule yenu ya uuguzi? Najua ulisema watu wasifanye kazi na njaa, neno jema, Mungu akuandikie. Lakini kwetu hata mtoto wa kunyonya anajua kwamba wali hufuata jasho. Chungu kikigeuzwa, siku imekwisha. Nilimwona Choizil akimpiga kiwiko mwenzake Merisye, na maneno yao yakavuka korongo:

"We, mbona tunapakuliwa? Kazi imeshakwisha?"

"Labda imekwisha bila sisi kujua. Mimi mgongo unaniuma tayari."

"Kula, bwana. Wali hauulizwi saa."

Wakala. Wakasifu samaki wa chumvi. Wakapangusa midomo, wakakutakia heri, wakachukua majembe yao. Ulipowafuata ukiuliza, "Jamani, mnakwenda wapi?" Merisye aliona haya kwa niaba yako. Baadaye aliniambia, "Mzee, nilidhani dada anatania. Nimwambie nini, kwamba hajui kwao?"

Wakabaki kumi na wawili, wote wa kanisa lako. Na kwa kuwa shemasi amekataza ngoma, akasema itaita mashetani, akaanzisha ule wimbo wenu wa taratibu, wa kumsindikiza marehemu. Basi ukawa msiba wa mawe. Kila ubeti jiwe linapanda kidogo, kila amina linashuka. Moja likashukia kidole cha shemasi mwenyewe, na hapo ndipo nilipomsikia akiita mashetani bila ngoma.

Nisamehe, nilicheka mpaka kiko kikazimika. Choizil, aliyekuwa amesharudi barazani kwake, hakucheka. Aliniangalia akasema, "Mzee Nevilon, ungeimba wewe, lile jiwe lingepanda lenyewe." Nikamwambia koo langu bovu. Akasema, "Bovu miaka ishirini na minne?" Nikaenda zangu nyumbani.

Jaji anawika vizuri kwa jicho moja.

Mjomba wako,
Nevilon


Jeremi, 4 Mei 1997

Mjomba Nevilon,

Heshima.

Barua yako nilimsomea Mama. Alipofika kwenye kidole cha shemasi aliteremka kitini kwa kicheko, na mimi nikacheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena. Ni kweli, nimesahau kwetu. Miaka kumi na moja mjini, nikadhani kusahau ni kuelimika. Nimemwomba Merisye msamaha kwa barua.

Mvua ya Jumatano imeteremsha mawe yote waliyoyapanga wale kumi na wawili. Yako korongoni. Dorismon anasema ni majaribu. Mimi nasema ni mteremko.

Mjomba, "hapana" ningeielewa. Ungeandika tu "hapana," ningelia siku moja nikatafuta pengine. Lakini hunikatalii wala hunikubalii, unanichekesha. Mama ameniambia nisikuulize habari za Repozwa. Nilipomuuliza kwa nini, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Basi nauliza. Kwa nini si Repozwa? Na kwa nini nyumba yako haina mlango?

Ukiniandikia habari za jogoo, sitasoma.

Filomiz


Mòn Kalbas, Jumapili 29 Juni 1997

Filomiz,

Taadhima.

Jogoo hajambo. Haya, nimemaliza.

Nimeanza barua hii mara tano. Nne zimewasha kiko. Nilifika darasa la tatu tu, na huko hawakutufundisha kuandika mambo ya namna hii.

Nyumba yangu ilikuwa na mlango. Mkangazi mtupu, nilioupasua kwa mkono wangu mwaka niliomwoa mke wangu Idalya. Watu walikuwa wakipita wanaugonga bila sababu, wausikie tu unavyolia. Mwaka sabini na tatu, Idalya akashikwa na uchungu, mtoto kakaa vibaya. Hatukuwa na machela. Nikaung'oa mlango, tukamlaza juu yake, tukateremka wanaume sita, mimi nikiimba mbele ili hatua ziende pamoja, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nikiijua, kuimbisha watu. Yeye alikuwa akinikosoa maneno. Tulipofika Repozwa tukatua ili tubadilishe mabega, nikaendelea kuimba, na baada ya muda nikaona hanikosoi.

Tulirudi naye juu ya mlango ule ule. Sikuweza kuufunga tena mahali pake. Nikaupandisha darini, na uko huko mpaka leo, juu ya kitanda changu. Hata mahindi sijawahi kuanika juu yake. Na tangu siku ile sijaimba, labda kumtukana Breva.

Sasa sikiliza, hili hata mama yako halijui. Mimi pia naota. Si mara tatu, nimeacha kuhesabu. Idalya amekaa Repozwa chini ya mshelisheli, hana huzuni yoyote, ananiambia kwa ile sauti yake ya kuniamuru, "Nevilon, funga mlango, upepo unaniingia." Basi. Miaka ishirini na minne mimi nadhani anaulizia mlango wa nyumba hii. Nikawa naamka nalikaza gunia kwa mawe.

Halafu unakuja wewe na nyumba yako ya ndoto, iko pale pale, na mlango umefungwa.

Nilikudanganya niliposema Mungu alipita juu ya paa langu. Hakupita. Aligonga kwangu kwanza, akagonga, akagonga, akakuta mzee mjinga anafunga gunia. Akachoka, akateremka mjini kumtafuta anayejua kusoma. Na mimi nilipopata barua yako ya Januari nilijua, nikaogopa, nikakuandikia habari za meno.

Chukua Repozwa. Chukua na mshelisheli. Bawaba zako bado ziko msumarini, na zinaenea kwenye mlango wa darini, nimepima.

Msaragambo ni Jumamosi ya tarehe 19 Julai. Nimeshamwambia Choizil apulize kome asubuhi kuwaita watu. Utapika wewe, lakini chungu kikifunguliwa kabla sijasema, nitakikalia. Kutakuwa na ngoma. Shemasi akiona tabu, wewe ni muuguzi, mtilie pamba masikioni.

Sijui kama sauti ipo. Tutaona.

Mjomba wako,
Nevilon


Jeremi, 6 Julai 1997

Mjomba wangu,

Heshima, heshima, heshima.

Nimeisoma barua yako chumba cha dawa, nimejifungia. Mama ametoa lile bakuli lako la supu kabatini, amelifunga kwa kitambaa, anasema analileta mwenyewe, goti lipende lisipende.

Shemasi anakuja. Anasema atapiga ngoma yeye, maana alikuwa mpigaji kabla hajaokoka na mikono bado inamwasha.

Mwenye miwani anaitwa Anseli. Ni mwalimu. Jembe hajui, lakini atabeba mawe, na wewe utamwona mwenyewe badala ya kumuuliza Breva.

Tunakuja.

Filomiz wako


Mòn Kalbas, Jumapili 2 Novemba 1997, Siku ya Wafu

Mpwa wangu Filomiz,

Taadhima, mwanangu! Leo nimeamka mapema nikapeleka kahawa kaburini kwa Idalya, kikombe kimoja chake, kimoja changu, na mikate miwili. Yake pia nimeila, angenilaumu kwa kuacha chakula kiharibike. Habari zote ni njema, kwa hiyo vumilia nikuandikie ovyo ovyo.

Kwanza huyo Anseli wako. Tangu Julai sijamsema vibaya, nawe umeshangaa. Mtu aliyebeba mawe kutwa nzima na miwani imejaa vumbi, akigongana na mshelisheli na kuuomba radhi, huyo ana adabu. Muoe. Au akuoe, mtajua wenyewe.

Tangu uondoke tumefanya Jumamosi nyingine nne. Ule wimbo niliokutungia siku ya kwanza, wa muuguzi aliyewashibisha wavivu, sasa wanauimba hata wanawake sokoni, nao wameongeza beti ambazo siwezi kukuandikia kwa kuwa barua zako anazisoma mama yako. Sauti yangu imerudi na mikwaruzo yake. Choizil anasema naimba kama msumeno. Nimemwambia msumeno ndio unaojenga nyumba.

Mlango tuliuteremsha darini tarehe kumi Oktoba. Nilidhani nitalia. Kumbe panya walikuwa wamezalia juu yake, watoto saba! Miaka yote hiyo nimeutunza kama kaburi, na wao wameugeuza chumba cha uzazi bila kungoja kibali cha daktari mkuu. Nilicheka mpaka Merisye akanishikia ngazi. Bawaba zako zimekaa sawasawa. Ukiugonga, unalia kama zamani.

Vitanda vilishushwa barabarani kwa lori la Breva, na wabebaji wakavipandisha. Hapo nilisimama kando, nikawatazama. Mabega yale yale, Filomiz, ya watu walioteremsha wagonjwa maisha yao yote. Mara ya kwanza kuyaona yamebeba kitanda kuelekea juu, tena yanacheza. Shemasi Dorismon mbele na ngoma, jasho mpaka soksi. Daktari wako akatia saini tarehe ishirini na saba, zimebaki siku nne!

Sasa kubwa. Ijumaa mchana, mkwe wa Choizil kashikwa na uchungu. Wakamteremsha mpaka Repozwa, wakatua. Wabebaji kwa mazoea wakabadilisha mabega, wakainama wamnyanyue tena, Venita akatoka na glavu zake za kupunguzwa, akawafokea, "Mnampeleka wapi? Mmefika!" Wakabaki wameinama, wanatazamana. Merisye akauliza, "Kwa hiyo sisi tufanye nini?" Venita akamwambia, "Kaeni. Ndiyo mara ya kwanza mnapumzika hapa kweli."

Mimi nikaingia nyuma yao. Kiwanja changu, mlango wangu, nikaona nina haki ya kusimama pembeni hata nikaimba ubeti mmoja wa kutia moyo. Venita akanishika kifuani.

"Mzee Nevilon, nje."

"Venita, mlango huu nimeupasua mimi."

"Vizuri. Kaa upande wa pili uone ulivyoupasua."

Akaufunga. Puani mwangu, Filomiz! Kiko kikaanguka.

Nikakaa chini ya mshelisheli pamoja na wanaume. Choizil akanyoa kijiti mpaka kikaisha. Nikamwambia kwamba kwenye ndoto yako huku nje hakuna mtu anayeogopa, kwa nini yeye aogope, akanijibu kwamba yeye ni Choizil, si mtu wa kwenye ndoto ya muuguzi. Tukacheka. Na katikati ya kicheko hicho mtoto akalia ndani. Msichana. Ana sauti mbaya kama yangu. Wazazi wake wameamua jina bila kuniuliza, wamesema ni Idalya, nami nimewaambia wajiandae kuamriwa.

Usiku wa kuamkia jana nimelala mpaka jua likanikuta. Nimengoja, Idalya wangu hakuja ndotoni. Na leo pia hakuja kuniambia nifunge chochote. Nadhani ameridhika, au anamlea yule mdogo.

Kitu kimoja tu. Tangu mlango uondoke darini, na akili yangu imetulia, nimegundua jambo ambalo sikulijua miaka ishirini na minne: nyumba hii ina upepo mkali ajabu. Merisye ana mbao za mwerezi, Anseli ameahidi kushika upande wa pili wa msumeno.

Niletee bawaba nyingine mbili.

Mjomba wako,
Nevilon